Deni na Sheria: Jinsi Mkulima wa Rungwe Alivyolindwa, na Jinsi Yampasavyo Kujilinda

Katika kijitabu hiki cha kumbukumbu ya miaka kumi ya Chama Kikuu chetu, wasomaji watakuta habari za mizani, za maghala, za miche na za bei. Sisi tumepewa kazi ya kueleza jambo moja lisiloonekana ghalani wala shambani, lakini humfuata mkulima kila aendako, nalo ni deni. Twataka kusimulia jinsi serikali zilizotawala nchi hii, moja baada ya nyingine, zilivyotunga sheria za kumlinda mtu mdogo asidhulumiwe katika mambo ya fedha. Tena twataka kupima sheria hizo zilifaa kwa kadiri gani, na zilipungukiwa wapi.

Hatusemi haya ili kumtisha mtu asikope. Kukopa si aibu. Mkulima wa kahawa hupalilia na kupogoa miezi mingi kabla hajashika senti moja. Mwenye parachichi hungoja miaka kabla mti haujazaa. Mwenye chai hukata majani mara kwa mara, lakini mbolea yataka fedha kwa mkupuo mmoja. Basi karibu kila mmoja wetu atakopa siku moja, na wahenga walikwisha kutuonya waliposema kwamba kukopa ni harusi na kulipa ni matanga. Tutakalouliza hapa ni hili: nani amkopeshaye mkulima, kwa masharti gani, na ni nani awaangaliaye wote wawili?

DENI KABLA YA DUKA NA BAADA YAKE

Wazee wetu walikuwa na madeni tangu zamani, na deni kubwa lilikuwa la ng'ombe. Mtu aliyesaidiwa ng'ombe na nduguye ili apate kuoa alijua kwamba iko siku naye atatakiwa kusaidia. Deni hilo halikuandikwa popote, lakini lilikuwa na mashahidi, na likizuka shauri lilipelekwa mbele ya wazee na malafyale. Ubaya wake ulikuwapo, kwa maana kesi ya ng'ombe iliweza kurithiwa na watoto. Hata hivyo mdai na mdaiwa walikutana njiani kila siku, wakazikana, na aibu ya kudhulumu ilikuwa nzito kuliko faida yake.

Mambo yaligeuka ilipoingia sarafu. Wamisionari wa Kimoravian walifika Rungwe mwaka 1891, na baadaye Wajerumani wakaweka boma lao Langenburg Mpya, ndiyo Tukuyu ya leo. Mwaka 1897 serikali ya Kijerumani ilitoa amri ya kodi ya nyumba, na Waingereza walioshika nchi baada ya vita vya kwanza vya dunia wakaendelea kutoza kodi ya nyumba na ya kichwa. Kodi ilitaka fedha, na fedha haioti mgombani. Vijana wengi wa Rungwe wakaenda kutafuta kazi katika machimbo ya dhahabu ya Lupa, na wengine wakavuka mpaka hata migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Waliobaki nyumbani wakapanda kahawa katika miinuko, na mpunga katika tambarare ya upande wa ziwa, ambako sasa ni Wilaya ya Kyela.

Mazao hayo yaliuzwa dukani. Hapo hapo mkulima alinunua chumvi, nguo, jembe na mafuta ya taa. Na siku alipokosa fedha, mwenye duka yule yule ndiye aliyemwandikia deni. Twamwomba msomaji aangalie jambo hili kwa makini, kwa sababu ndilo shina la habari yetu yote. Mtu mmoja alikuwa mnunuzi wa mazao, muuzaji wa bidhaa na mkopeshaji wa fedha. Mwenye kazi tatu hizo juu ya mkulima mmoja hana haja ya kutumia nguvu. Mizani yake, bei yake na daftari lake vyatosha. Na daftari hilo mara nyingi liliandikwa kwa lugha ambayo mdaiwa hakuijua.

Haki yataka tuseme pia kwamba si wenye maduka wote waliodhulumu. Wengi wao walipewa bidhaa kwa mali kauli na wafanyabiashara wakubwa wa pwani, nao waliogopa kufilisika kama vile mkulima alivyoogopa njaa. Deni lilikuwa mnyororo mrefu ulioanzia bandarini ukaishia kibandani. Na aliyekuwa kwenye ncha ya mwisho ndiye aliyevutwa kwa nguvu zaidi.

SHERIA YA MWAKA 1931

Mwaka 1929 bei za mazao zilianza kuanguka dunia nzima, na kahawa ilikuwa mojawapo. Mwaka 1931 serikali ya Tanganyika ilitoa sheria ambayo kwa Kiswahili twaweza kuiita Sheria ya Kuzuia Mikopo kwa Wenyeji. Ilikuwa imetanguliwa na nyingine ya namna hiyo ya mwaka 1923. Maana yake ilikuwa hii: mtu asiye Mwafrika akimkopesha Mwafrika fedha au bidhaa, hawezi kumshtaki mahakamani ili alipwe, ila kama mkopo ule ulikuwa umekubaliwa kwa maandishi na afisa wa utawala, yaani Bwana Shauri. Sheria haikumzuia mtu kukopesha. Ilisema tu kwamba akopeshaye bila kibali asitazamie msaada wa hakimu.

Sheria hiyo ilikuwa na faida, nasi hatuna budi kuitaja. Tarishi wa mahakama hakuja na karatasi ya deni la dukani kuchukua jembe na blanketi la mkulima. Ardhi nayo ililindwa na sheria nyingine, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923, iliyoweka ardhi ya nchi chini ya mamlaka ya Gavana, isiweze kuhamishwa ovyo kwenda kwa wageni.

Faida hii itafahamika vizuri tukitazama yaliyotokea Unguja na Pemba siku zile zile. Huko mashamba ya mikarafuu yaliweza kuwekwa rehani, na wenye mashamba wengi walizama katika madeni hata wakawa karibu kupoteza mali yao. Mwaka 1934 serikali ya Unguja ililazimika kusimamisha kwa muda uuzaji wa mashamba kwa ajili ya madeni. Chama cha Wakulima wa Karafuu kilikuwa kimekwisha kuundwa mwaka 1927. Kilipopewa mwaka 1937 mamlaka makubwa juu ya ununuzi na usafirishaji wa karafuu, wafanyabiashara wa Kihindi walikasirika, na huko India watu wakagoma kununua karafuu mpaka yalipofanywa mapatano mwaka 1938. Basi twaona kwamba sheria ya deni si jambo dogo la karani na wino. Yaweza kutikisa nchi.

Lakini ile sheria ya Tanganyika ilikuwa na kasoro tatu kubwa, na kila moja ina mafundisho kwetu sisi wa leo.

Kasoro ya kwanza ni kwamba ilimtazama mkopaji, haikuutazama mkopo. Huko Uingereza kwenyewe, sheria ya wakopeshaji ya mwaka 1927 ilisema kwamba riba ikizidi asilimia 48 kwa mwaka, mahakama itaihesabu kuwa ya kikatili mpaka mkopeshaji athibitishe vingine. Sheria ile ilipima bei ya fedha. Ya huku ilipima rangi ya mtu. Mkopo mwema na mkopo mwovu vilizuiwa pamoja, na Mwafrika aliyemnyonya Mwafrika mwenziwe hakuguswa kabisa.

Kasoro ya pili ni kwamba ilifunga mlango mmoja bila ya kufungua mwingine. Mwafrika aliyetaka kufungua duka, au kununua mashine ya kusaga, hakuweza kuaminiwa na mfanyabiashara mkubwa bila ya kwanza kupiga hodi kwa Bwana Shauri, kama mtoto aombaye ruhusa kwa baba. Tume ya Kifalme ya Afrika Mashariki, iliyofanya kazi miaka ya 1953 hadi 1955, iliona kwamba vizuizi vya namna hiyo vinawarudisha nyuma Waafrika katika biashara. Sheria hiyo imekwisha kuondolewa siku nyingi, wala hakuna aliyeililia.

Kasoro ya tatu ndiyo iliyo karibu zaidi na mashamba yetu. Sheria ililinda mlango wa mahakama, haikulinda mizani. Mwenye kudai hakuhitaji hakimu ikiwa mavuno yenyewe yatapita mikononi mwake. Alikata deni lake katika bei, kimya kimya, kabla mkulima hajahesabu gunia la kwanza. Hivyo mdaiwa alilindwa asishtakiwe, lakini hakulindwa asipunjwe.

DAWA YA PILI: USHIRIKA

Waliotawala walijua kasoro hizi kwa sababu walikwisha kuziona India. Mwaka 1875 wakulima wa nchi ya Deccan, karibu na Poona, walifanya ghasia dhidi ya wakopeshaji, wakazichoma moto hati zao za madeni. Serikali ya India ikatunga sheria ya kuwasaidia wakulima wale mwaka 1879, na mwaka 1900 ikatunga ya kulinda ardhi ya wakulima wa Punjab. Halafu ikaonekana kwamba kumzuia mkopeshaji peke yake hakutoshi, kwa kuwa mkulima bado anahitaji mbegu na ng'ombe wa kulimia. Basi mwaka 1904 ikaja sheria ya vyama vya ushirika vya kukopeshana, iliyoiga kazi ya Mjerumani Raiffeisen, ambaye miaka ya 1860 aliwafundisha wakulima maskini kuweka akiba zao pamoja na kudhaminiana.

Kutoka Punjab alitoka Bwana C. F. Strickland, aliyekuwa Msajili wa vyama vya ushirika huko, na mashauri yake yakatumika katika Afrika Mashariki. Mwaka 1932, yaani mwaka mmoja tu baada ya ile sheria ya kuzuia mikopo, Tanganyika ilipata Sheria ya Vyama vya Ushirika. Mwaka 1933 wakulima wa Kilimanjaro wakaandikisha chama chao kikuu cha KNCU. Huku kwetu wakulima wa kahawa na mpunga walikuja kuungana katika Rungwe African Co-operative Union, ambayo miaka ya 1950 ilikwisha kuwa mojawapo ya vyama vikuu vya nchi.

Yafaa tufahamu jinsi dawa hii ya pili ilivyofanya kazi. Chama kiliuvunja ule ushirika mbaya wa kazi tatu. Mnunuzi wa mazao sasa alikuwa chama cha mkulima mwenyewe. Mizani ilisomwa mbele ya mwanachama. Malipo yalitolewa kwa stakabadhi, kwanza malipo ya awali, kisha nyongeza mazao yalipokwisha kuuzwa. Mtu aliyekuwa na stakabadhi mkononi hakulazimika kukubali neno la daftari la mwingine. Sheria ya 1931 ilimwambia mkulima, "Usikopeshwe." Sheria ya 1932 ilimwambia, "Jikopesheni." Neno la pili ndilo lililokuwa na uhai.

BAADA YA UHURU

Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 ilikuwa imepata pia Sheria ya Mikataba ya mwaka huo huo, ambayo ingali yatumika. Ndani yake mna kanuni moja ambayo kila mkopaji yafaa aijue: mkataba uliopatikana kwa kumlazimisha mtu, kwa kumdanganya, au kwa kutumia vibaya uwezo ulio nao juu yake, waweza kutenguliwa na mahakama. Kanuni hii haimtazami mtu kabila wala rangi.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliongeza ulinzi ambao wengi huusahau. Kwa mujibu wa kifungu chake cha 59, mume au mke hawezi kuuza wala kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ya ridhaa ya mwenziwe. Ni mara ngapi mama wa nyumbani amekuja kujua habari za deni siku ile tu wadai walipobisha hodi? Sheria imempa sauti kabla ya siku hiyo. Tena Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imemwezesha mwanakijiji kupata hati ya hakimiliki ya kimila. Hati hiyo ni heshima na ni dhamana. Kwa sababu hiyo hiyo, mwenye nayo hana budi kuitunza asiiweke mikononi mwa mtu kwa deni la mwezi mmoja.

Kwa upande wa ushirika, njia haikunyooka. Mwaka 1966 Kamati maalumu iliyoundwa na Serikali kuchunguza vyama vya ushirika ilikuta malalamiko mengi ya wanachama: makato mengi, watumishi wasio na ujuzi, upendeleo, na hesabu zisizoaminika. Mei 1976 Serikali ilivivunja vyama vikuu, na kazi zake zikakabidhiwa mamlaka za mazao. Sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha. Zikafuata sheria za 1991 na 2003, na mwishowe Sheria Na. 6 ya mwaka 2013, iliyounda Tume ya Maendeleo ya Ushirika, na ambayo chini yake Chama Kikuu chetu kimetimiza miaka yake kumi.

Twayataja haya ya 1966 na 1976 bila ya kuficha, kwa sababu mwanachama aliyekatwa fedha zake bila ya maelezo hana tofauti kubwa na mtu aliyepunjwa dukani. Dhuluma ya fedha haibadiliki kuwa haki kwa kuwa imetendwa na ofisi yenye jina la ushirika. Ndiyo maana sheria zimeweka Mrajisi wa kusimamia, na tangu 1982 Shirika la Ukaguzi la COASCO la kukagua hesabu, na mkutano mkuu wa wanachama wa kuuliza maswali.

SHERIA YA HUDUMA NDOGO ZA FEDHA

Mwaka 1991 nchi ilifungua mlango wa mabenki ya watu binafsi. Yalikuja mabenki mengi, lakini mengi yalikaa mijini. Na katika pengo lililobaki vijijini walitokea wakopeshaji wa kila namna. Wengine walikuwa waaminifu. Wengine walikopesha bila ya ofisi, bila ya leseni, na bila ya karatasi ambayo mkopaji aliweza kuisoma. Walishika kadi ya benki ya mtu pamoja na namba yake ya siri. Walibeba godoro, redio na cherehani mbele ya majirani. Wananchi wakaipa mikopo hiyo jina lake, wakaiita kausha damu.

Ngoja tuipige hesabu. Tuseme mkulima ameambiwa anapewa shilingi 200,000. Kabla hajazishika, anakatwa 20,000 za fomu, apokee 180,000. Kisha atalipa shilingi 65,000 kila juma kwa majuma manne, jumla 260,000. Amepokea 180,000, amelipa 260,000. Ameuza jasho la shilingi 80,000 kwa mwezi mmoja. Hiyo ni zaidi ya asilimia 44 ya fedha alizozipokea. Wala si hiyo tu, kwa maana fedha hizo hakukaa nazo mwezi mzima. Alianza kuzirudisha juma la kwanza. Mkopeshaji hakuitaja hesabu hii. Alisema tu, "Elfu sitini na tano kwa wiki," na maneno hayo yalikuwa mepesi sikioni.

Kwa ajili ya mambo kama haya Bunge lilipitisha Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, na kanuni zake zikatolewa mwaka 2019. Sheria hii imewapanga watoa huduma katika madaraja manne. La kwanza ni taasisi zipokeazo amana za watu. La pili ni wakopeshaji wasiopokea amana, pamoja na mtu mmoja mmoja afanyaye kazi ya kukopesha. La tatu ni vyama vya akiba na mikopo, yaani SACCOS. La nne ni vikundi vya kijamii, kama vile VICOBA. Benki Kuu ya Tanzania ndiyo yenye mamlaka. Lakini leseni na usimamizi wa SACCOS imevikasimu kwa Tume ya Maendeleo ya Ushirika, na usajili wa vikundi umekasimiwa kwa halmashauri. Kufanya kazi ya kukopesha bila ya leseni ni kosa la jinai.

Mwaka huo huo wa 2019 zilitolewa pia kanuni za Benki Kuu za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha. Zataka mkopaji atendewe kwa haki. Aelezwe riba na gharama zote kabla ya kutia saini. Siri zake zitunzwe. Na awepo mtu wa kupokea malalamiko yake na kuyajibu. Msomaji alinganishe maneno haya na yale ya 1931. Sheria ya zamani ilimwona mkulima kuwa mtoto, ikamfungia mlango. Sheria ya sasa yamwona kuwa mtu mzima, yamfungulia mlango, ila yamtaka mkopeshaji asimame mwangani. Hayo ni maendeleo makubwa. Lakini mtu mzima ana mzigo ambao mtoto hana: yampasa kuuliza.

Hatari nayo imebadili nguo. Leo mkopeshaji hakai tena kibandani tu; huingia katika simu. Mkopaji hubonyeza mara chache akapata fedha. Akichelewa kulipa, jamaa zake na rafiki zake hupelekewa ujumbe wa kumwaibisha. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha kwa njia ya mtandao bila ya leseni. Kuwa programu imo katika simu si ushahidi kwamba imekubaliwa na sheria.

Zaidi ya hayo, liko deni la zamani ambalo sheria ya 2018 haiwezi kulikamata kwa urahisi, kwa sababu halijiiti deni. Ni kuuza mazao yakiwa bado shambani. Huko Kagera kahawa iuzwayo hivyo ingali katika maua huitwa butura, na sifa yake mbaya inajulikana nchi nzima. Mwenye fedha huja kipindi cha dhiki, ada za shule zikidaiwa, hununua mavuno yajayo kwa bei ndogo, kisha huja kuyachukua bei ikiwa juu. Hakuna riba iliyotajwa, hakuna mkataba wa mkopo, wala hakuna leseni iliyoulizwa. Hii ndiyo ile kasoro ya tatu ya 1931, nayo ingali hai. Dawa yake haimo kwa hakimu. Imo katika chama kinachoweza kumpa mwanachama malipo ya awali kwa wakati, na katika utaratibu kama ule wa stakabadhi ghalani, uliowekwa na sheria ya mwaka 2005, ambao umetumika kwa korosho za kusini na kwa kakao ya upande wa Kyela: mazao hukaa ghalani yakingoja bei, na mwenyewe hushika karatasi yenye thamani.

YATUPASAYO

Kwa mwanachama twapendekeza maswali matano kabla ya kutia saini. Je, mkopeshaji ana leseni, na ameionyesha? Nitapokea shilingi ngapi mkononi baada ya makato? Nitalipa jumla shilingi ngapi, na kwa tarehe zipi? Nikichelewa, kitatokea nini, na dhamana yangu ni kitu gani? Je, nakala ya mkataba nitaondoka nayo leo? Mkopeshaji mwema atajibu yote matano bila ya kukasirika. Akasirikaye amekwisha kujibu. Tena mume na mke waulizane kabla ya kuweka rehani chochote cha nyumbani. Wala kadi ya benki na namba ya siri visipewe mtu yeyote kwa jina la dhamana. Mwenye malalamiko ayapeleke kwanza kwa mkopeshaji mwenyewe kwa maandishi, kisha Benki Kuu, ambayo ina tawi lake Mbeya. Na ikiwa ni habari ya chama au SACCOS, kwa Mrajisi Msaidizi.

Na mkopaji naye ana wajibu. Dawa ya deni ni kulipa. Mwanachama akopaye SACCOS kisha akapeleka kahawa yake kwa mnunuzi wa njiani ili akwepe makato, amewaibia wenziwe walioweka akiba, na amemfungulia mlango yule yule mkausha damu.

Kwa viongozi na watumishi wa vyama vya msingi na wa Chama Kikuu twasema kwa heshima lakini bila ya kuzunguka. Malipo ya mazao yakichelewa juma moja, mkulima huuza mbuzi. Yakichelewa mwezi, huenda kwa mkopeshaji. Yakichelewa msimu, huuza maua ya mwaka ujao. Basi afisa anayelala na hati za malipo mezani, hata kama hakuchukua senti moja, amemtumikia mkopeshaji dhalimu bila ya mshahara. Makato yote yaandikwe katika stakabadhi ya mwanachama kwa maneno ayafahamuyo. Na taarifa ya ukaguzi isomwe mkutanoni kwa Kiswahili cha watu wazima wenye haki ya kuuliza.

Katika historia hii twaona kwamba serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kumzuia mkopeshaji, na Serikali ya nchi huru imetunga sheria ya kumwongoza. Ile ya kwanza ilipungukiwa mpaka ilipokuja ya ushirika kando yake. Hii ya pili nayo itapungukiwa, pale ambapo chama cha msingi kimelala. Sheria yaweza kumkataza mtu kumdhulumu mkulima. Haiwezi kumpa mkulima mbolea mwezi wa mvua. Kazi hiyo ni yetu.

Ndugu wanachama wa Rungwe na Busokelo, kumi ya kwanza imetimia. Twawatakia mavuno mema, mizani ya haki, na madeni yenye kulipika.